Mfano wa Kitabuni

11 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha goti la mama, na ukiacha mama mwenyewe, ambaye hataki kusikia habari za fimbo kwa sababu fimbo, anasema, ni ya wazee. Ana miaka sitini na tisa huyo. Anauliza masikio yako yanaendeleaje, na kama yale matone unayatia au umeyaweka kabatini yakutazame. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara mbili. Kila nilichosema ulinijibu "wazima, wazima, tunamshukuru Mungu," hata nilipokuambia upepo umeezua bati la jikoni. Basi nimeona niandike, kama enzi zile nikiwa bwenini.

Habari yenyewe ni kwamba nimepewa darasa la mtihani. Wanafunzi thelathini na sita, somo letu lile lile la biashara, na kitabu kile kile cha kijani ulichokuwa ukifundishia wewe. Sura ya mahitaji na ugavi bado ni yule mwenye duka anayeuza vioo vya taa za chemli. Nikasoma ukurasa mzima kwa sauti, kwa madaha kabisa, halafu msichana mmoja wanayemwita Redio, kwa kuwa hakuna wa kumzima, akanyoosha mkono: "Mwalimu, chemli ndio nini?" Nikasema, haya, nani amwambie mwenzake. Thelathini na sita, hata mmoja hajui. Nikachora ubaoni. Nilichochora kilifanana na birika lililovaa kofia, wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Kesho yake nikafunga kitabu. Nikawauliza kuhusu vile viatu vya plastiki vyenye matundu, vinavyouzwa kila kona sasa hivi. Mwaka juzi nani alikuwa anavivaa? Wakasema wauguzi na watunza bustani, tena wakiwa kazini tu. Nani alibadilisha mambo? "Mtoto wa Radi!" darasa zima. Huyo ni mwimbaji, Mjomba. Alivivaa kwenye video moja ya dakika tatu, ndani ya mwezi bei ikapanda mara tatu, kisha vikaja vya bandia, bei ikaporomoka, na sasa wajanja hawauzi tena viatu, wanauza vipambo vya kuchomeka kwenye matundu. Mahitaji, ugavi, bidhaa mbadala, bidhaa zinazokwenda pamoja, yote walinieleza wao, mimi naandika tu ubaoni. Kengele ikalia wasitoke. Lini mara ya mwisho uliona hilo?

Nina furaha, ila sina hakika. Niambie kama nakosea.

Mpwa wako.


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba ya mikono miwili. Mwambie dada yangu kwamba goti lile ndilo lililonibeba mimi mgongoni, kwa hiyo lina haki ya kuchoka, achukue fimbo. Matone nayatia. Sikio la kulia limegoma, la kushoto linafanya kazi kama mtumishi wa umma, siku likitaka. Bati la jikoni nimelipata sasa kwenye barua. Poleni sana.

Nimesoma uliyoandika mara mbili, ya kwanza nikicheka. Huyo Mtoto wa Radi ni mwanamume au mwanamke? Na viatu vya watunza bustani anavivalia nini kwenye video, hana vingine?

Unafundisha vizuri. Naandika kabisa, ili siku nikikana unionyeshe. Lakini mtihani hautungwi na wanafunzi wako, wala na huyo Radi. Unatungwa na watu waliokaa mezani na kitabu kile cha kijani katikati yao. Usiache mbachao kwa msala upitao. Chemli ile imevusha watu wengi, na wewe umo.

Niishie hapa, mkono umechoka.

Mjomba wako.


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Bati limerudi mahali pake. Mama sasa anatembea na mwavuli, anasema ni kwa ajili ya mvua. Haijanyesha wiki ya tatu hii.

Mbachao ninao, Mjomba, ila umetoboka. Nimeendelea. Tumesoma mtaji kwa kutumia wale vijana wanaokaanga chipsi huku wanajirekodi. Tumesoma matangazo kwa kutumia lile shindano la kucheza lililoanzishwa na wauza soda, na hapo ndipo nilipopatikana. Wasichana wawili walikuwa mbele wakionyesha mtindo, kiuno hiki, bega hili, na mwalimu wa taaluma akapita dirishani. Mkuu wa shule aliniita. Hakupayuka, afadhali angepayuka. Aliniuliza tu: "Wakifeli, Mwalimu, wazazi wao utawaeleza kwa ngoma?" Tangu siku hiyo nikisikia hatua za mtu kwenye ujia nje ya darasa, naokota chaki na kuandika ufafanuzi wa kitabuni hata kama si mahali pake. Watoto wameshanijua. Redio hunong'ona "chemli, chemli," na wote wanainama juu ya madaftari kama watakatifu.

Yupo mmoja nataka umjue. Wanamwita Karani, kwa mwandiko wake na kwa sababu neno la mwalimu halimpiti. Nikipiga chafya nadhani ataiandika. Miaka mitatu hajawahi kunyoosha mkono. Baba yake ameshasema: akifaulu masomo yote ya biashara aende chuo, akifeli hata moja basi, anakwenda kwa dada yake mkubwa kulea mapacha, na habari ya shule imekwisha. Wiki iliyopita, tukiwa kwenye mambo ya viatu bandia, nikaona mkono. Wa Karani! Akauliza: "Mwalimu, kama bandia inadumu kuliko ile halisi, mwizi ni nani?" Darasa likageuka kumtazama. Na mimi nikamtazama. Nikaliandika swali lake ubaoni.

Naogopa, Mjomba. Nawaona wanaelewa, nami naogopa. Niandikie upesi.

Mpwa wako.


8 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu kwa mama yako na mwavuli wake.

Barua yako ya Mei iko nami tangu Mei. Sitasingizia posta. Niliikalia mwenyewe, nikianza kujibu nachana.

Rudi kwenye kitabu. Ukurasa wa arobaini na moja, mwenye duka, vioo vya chemli. Wakiulizwa mfano watoe wa kitabuni, si wa barabarani. Una miezi mitatu, inatosha kama utaanza Jumatatu. Usinijibu kwa hoja, maana hoja zako nyingi nilikufundisha mimi. Na usiniulize nimejuaje.

Hasa yule Karani wako. Mtoto mwenye mlango mmoja tu asiachwe abahatishe. Msimamie yeye kwanza.

Katikati ya Novemba hadi Desemba sitakuwepo, nakwenda kwenye matibabu ya masikio kama kila mwaka. Msinitafute.

Mjomba wako.


3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Siku niliyoipata barua yako sikula. Mama alidhani kuna msiba, akaniuliza nani. Unajua nini wewe? Miaka yote hii hujawahi kuniandikia kwa amri, hata nilipotaka kuacha shule nikiwa na miaka kumi na sita uliniandikia kurasa nne za kubembeleza. Nimeugeuza mstari ule wa "usiniulize" kila upande. Kama kuna kitu unakijua na hukisemi, basi ni kikubwa, na kama ni kikubwa mimi ni nani nikaidi?

Nimerudi kwenye kitabu. Jumatatu ile ile. Niliwaambia wakunje kurasa zote za viatu, za soda, za chipsi, wasizisome tena. Sasa tunaimba chemli asubuhi na mchana. Mafuta ya taa yakipanda bei, watu hupunguza kutumia chemli, na vioo hununuliwa kidogo. Wanaitikia kama wanaapishwa. Redio aliniuliza, "Mwalimu, viatu vimekosa nini?" Nikamfokea, Mjomba. Mimi, ambaye nilikuwa namsubiri aanze kusema ndipo somo lichangamke. Nusu ya darasa naona wananiitikia kwa mdomo tu.

Karani hakuuliza. Yeye alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja mmoja juu ya kila neno la viatu, kurasa kumi na nne, mistari imenyooka kabisa. Na lile swali lake la mwizi nalo alikuwa ameliandika pembeni. Nalo akalipiga mstari.

Niambie hata neno moja.

Mpwa wako.


21 Septemba

Mpwa wangu,

Umefanya sawa. Neno la kuongeza sina.

Kula, mwanangu.

Mjomba wako.


24 Novemba

Mjomba,

Shikamoo huko uliko, maana sijui ni wapi. Mama alitaka kujua unahitaji nini, akapiga simu hospitali ya masikio. Wakatafuta kwenye vitabu vyao. Wanasema hawana mgonjwa wa jina lako, na hawajakuona tangu ile siku moja mwaka juzi. Mama amekaa na simu mkononi tangu jana. Mimi nimemwambia labda ni hospitali nyingine, naye ameniambia nisimfanye mtoto. Kama una mtu, Mjomba, sema tu, hatutakasirika. Kama unaumwa kitu kingine, sema haraka.

Mtihani umepita. Swali la tatu, nusu ya karatasi nzima peke yake: kwa kutumia mfano, eleza mambo yanayobadilisha mahitaji ya bidhaa. Nilisimama nje ya ukumbi chini ya dirisha mpaka msimamizi akanifukuza. Walipotoka niliwauliza mmoja mmoja. Ishirini na watano wameandika viatu. Redio alinitazama machoni akasema, "Nisamehe Mwalimu, kalamu ilikwenda yenyewe." Nikawaza barua yako, nikahesabu upya. Ishirini na watano!

Kumi na mmoja wameandika chemli. Karani alikuja mbio, anacheka, sijawahi kumwona akicheka: "Nimeandika chemli, Mwalimu, neno kwa neno." Nikamkumbatia. Nikamuuliza, tena kwa mzaha tu, mafuta ya taa yakipanda bei vioo vinakuwaje? Akasema: "Vinanunuliwa zaidi." Kwa nini? Akafumba macho akitafuta ukurasa. Nikamwambia aende nyumbani akapumzike. Amekariri mstari kinyume, na kwa kuwa hajawahi kuona taa ile wala kuishika, hana pa kuhisi kwamba umegeuka.

Sijui nimwombee nani, hao wa viatu au hao wa chemli. Ukiipata hii, jibu siku hiyo hiyo.

Mpwa wako.


12 Desemba

Mpwa wangu,

Mwambie dada yangu aweke simu chini. Sina mtu, wala siumwi. Masikio yangu hayajawahi kulazwa popote.

Mimi ni msahihishaji wa mtihani ule. Mwaka wa kumi na tisa huu. Tunatia sahihi kwamba hatutamwambia mtu, hata mke, na marehemu mke wangu alikufa akidhani nina masikio mabaya kuliko niliyokuwa nayo. Tunakusanywa shule moja ya bweni, tunakabidhi simu mlangoni, tunakaa kwenye meza ndefu, kila mtu na kalamu yake nyekundu na mwongozo wake. Na mwongozo unasema, swali la mfano, mfano utoke kwenye kitabu cha kiada. Vinginevyo sifuri. Ndiyo maana nilikuandikia vile Agosti. Nilikuwa nimevunja kiapo nusu, nikaona nusu nyingine nisiimalizie.

Kuna jingine. Kanuni ile niliipendekeza mimi. Miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa mgeni, nikitaka kuonekana nina akili. Nilisema kila msahihishaji akipima mifano kwa kichwa chake hakutakuwa na haki, tukubaliane na ya kitabuni tu. Wakanipigia makofi.

Siku ya nne nilifungua bahasha mpya. Karatasi ya kwanza, viatu vya matundu. Muuguzi, mtunza bustani, mwimbaji. Karatasi hazina majina, lakini nilijua nasoma darasa lako. Mtoto yule ameeleza sababu tano, swali likitaka nne, na ya tano hata mimi sikuwahi kuifikiria. Nikaandika sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu nikaandika sifuri, nikaweka kalamu chini, nikatoka kwenda kunywa maji. Pale bombani nilijiuliza ni lini mara ya mwisho nilisoma jibu la mtoto. Maana nilikuwa sisomi. Nilikuwa natafuta neno "chemli", nikiliona natia vema, nageuza.

Nilirudi nikasimama. Watu arobaini. Nikasema mwongozo una kosa na mwenye kosa ni mimi, mfano wowote upokelewe, mradi mtoto aonyeshe anajua kwa nini. Kiongozi wetu akauliza, kwa heshima tu, "Mzee, umejuaje kwamba hawa wamefundishwa na hawakubahatisha?" Ningeweza kudanganya. Nikasema mwalimu wao ni mpwa wangu. Bahasha ikachukuliwa mbele yangu, nikapewa simu yangu na kuitiwa gari. Nilipokuwa nabeba mkoba walikuwa bado wanabishana, wengine wamesimama, nami kwa masikio haya sikuambulia kitu. Sijui waliamua nini. Sitarudi tena pale, na sioni haya.

Karani kasemaje? "Vinanunuliwa zaidi"? Nimeusoma mstari huo mara nyingi.

Mjomba wako.


30 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, amekusamehe hospitali ila anasema miaka kumi na tisa ya kukuchemshia mvuke wa masikio utailipa mbinguni.

Matokeo yametoka jana. Wale ishirini na watano wa viatu wamefaulu wote. Wote, Mjomba! Redio ana alama ya juu kabisa, Mkuu wa shule alinishika mkono mbele ya walimu na mwalimu wa taaluma akaniomba nimwonyeshe nilivyofundisha ile sura. Kwa hiyo wamekusikiliza. Mwongozo umebadilika. Niliposoma majina nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi nikalia kwa furaha, nakuambia ukweli, nikawa nasema "Mjomba, Mjomba," kama mwehu.

Kisha nikaendelea kusoma. Kati ya kumi na mmoja wa chemli, kumi wamepita kwa kukwaruza. Karani amefeli. Somo langu tu. Mengine yote amefaulu vizuri sana.

Ukisema mtoto aonyeshe anajua kwa nini, Mjomba, yeye hakuwa na kwa nini. Alikuwa nayo mwezi wa tano, kurasa kumi na nne, nami nikamwambia asiisome tena.

Alikuja leo asubuhi na daftari lake. Halii. Amelifungua mezani kwangu, amenionyesha mistari ya chemli, mwandiko ule, na ameniuliza: "Mwalimu, nionyeshe nilipokosea. Mimi nilifanya kila ulichosema." Nilimwambia nitamjibu kabla ya wiki kwisha. Jumamosi baba yake anampeleka kwa dada yake.

Hii naituma kwa dereva wa basi, ikufikie kesho.

Mpwa wako.


1 Februari

Mpwa wangu,

Hii nami naituma kwa mkono wa dereva wa basi, posta itachelewa. Nakuja Ijumaa, basi la kwanza. Usipike.

Tutakwenda kwa baba yake pamoja. Nitasema mimi. Nitamwambia nilikaa na barua miezi miwili na nusu kwa woga, kisha nikaandika amri badala ya sababu, nikamtaja mtoto wake peke yake asiponyoke. Nilikuwa na ujasiri mbele ya watu arobaini, na kwako wewe, damu yangu, nilishindwa kusema neno moja la kweli. Nitaomba arudie mtihani. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja, akae kwangu pamoja na mama yako, akikubali kuja kututunza, au akae huko kwenu, vyovyote atakavyotaka baba yake. Somo lile nitamfundisha mwenyewe mpaka Novemba, na viatu hivyo mtanionyesha. Akinitukana, acha anitukane. Akikataa, nitarudi Jumamosi asubuhi kabla hawajaondoka, nimwombe tena.

Ila kabla ya baba yake, nipeleke kwanza kwa mtoto. Usimjibu wewe, nisubiri. Nataka anisikie mimi mwenyewe nikimwambia kwamba hakukosea popote, aliambiwa akafanya, na waliokosea ni walimu wake wawili.

Mjomba wako.